Kifaa cha kulipia tozo ya barabara: kukibandika, kupita nacho na kukitunza

Siku moja nilifika kwenye geti la tozo, kizuizi kikagoma kuinuka. Nikakigonga kile kiboksi kilichobandikwa kwenye kioo, mara mbili, mara tatu. Nikakibandua, nikakitoa dirishani na kukinyanyua juu kama mtu anayemwonyesha askari kitambulisho. Nyuma yangu lori lilikuwa limeshaanza kupiga honi. Nilipofika nyumbani na kufungua akaunti ndipo nikaelewa: kadi ya benki niliyoiunganisha ilikuwa imeisha muda wake wiki moja kabla, salio likakauka, wakanifungia. Kifaa kilikuwa kizima kabisa.

Tangu hapo huwa nawaambia watu kwamba kile kifaa hakina hela, kina namba. Antena ya kituo inauliza "wewe nani?", kifaa kinajibu namba yake, na mengine yote (salio, aina ya gari, kiasi cha kukatwa) yanatafutwa kwenye akaunti. Kwa hiyo geti likikugomea, usianze kwa kukilaumu kiboksi. Angalia kwanza akaunti, kisha angalia umekibandika wapi. Na mwongozo huu umekaa hivyo hivyo: nitachelewa sana kwenye akaunti na kwenye kioo, mengine tutayapitia haraka.

Kwanza, jua ulicho nacho

Stika ni nyembamba kama lebo. Ukiimulika kwenye mwanga utaona chembe ndogo nyeusi na antena ya metali iliyochorwa kuizunguka. Haina betri, nguvu ya kujibu inaipata kwenye mawimbi yale yale ya redio yanayotoka kwenye antena ya kituo. FASTag ya India ni ya aina hii, na stika ya Salik ya Dubai pia. Uzuri wake ni kwamba haina cha kuisha. Ubaya wake, ukiibandua imekufa, maana hutengenezwa ichanike ili isihamishwe kutoka gari moja hadi jingine.

Kiboksi cha plastiki, chenye ukubwa wa kiberiti au zaidi kidogo, kina betri ya lithiamu ndani. Ulaya ndicho kilichozoeleka, na Marekani vipo vingi. Muda mwingi kimelala. Mawimbi ya antena yanakiamsha, kinajibu, kinalala tena, ndiyo sababu betri ndogo kama ile inadumu miaka. Usidanganyike na sura ya plastiki: vya Ulaya vinazungumza kwenye masafa ya karibu gigahezi 5.8, na vingi vya Amerika Kaskazini karibu na megahezi 915. Cha huku ukikipeleka kule ni kiziwi.

Aina ya tatu hufungwa kwenye umeme wa gari na kuchomekwa kadi. Japani ndiko ilikoenea. Kama umewahi kumiliki gari lililotumika kutoka huko, huenda mnafahamiana: unawasha gari, sauti ya mwanamke inasema jambo kwa Kijapani. Wengi hudhani ni salamu. Mara nyingi ni kifaa cha ETC, mfumo wa Japani wa kulipa tozo kielektroniki, kinakukumbusha kwamba hujachomeka kadi. Nje ya Japani hakina kazi, na fundi umeme akikichomoa gari litanyamaza.

Malori katika baadhi ya nchi hubeba kifaa kinachotumia setilaiti. Ujerumani wameutumia mfumo huo tangu Januari 2005. Dereva wa lori ana kazi moja ambayo wa gari dogo hana: kuhakikisha idadi ya ekseli kwenye kifaa ni sahihi kabla ya kuondoka, hasa akibadilisha tela.

Pili, akaunti kabla ya gundi

Watu hununua kifaa, wakakibandika siku hiyo hiyo kwa furaha, halafu wakaingia barabarani wakidhani kazi imekwisha. Vifaa vingi havifanyi kazi mpaka uvisajili na kuviwasha kwenye akaunti. Fanya hivi ukiwa umekaa chini, kadi ya gari mkononi:

1. Andika namba ya usajili wa gari kama ilivyo kwenye kadi, bila kukisia. Herufi O na sifuri, herufi I na moja, ndizo zinazoponza. Kamera ya kituo itasoma namba iliyo kwenye gari, na kama ya kwenye akaunti ina herufi tofauti, wewe ni mgeni.

2. Chagua daraja sahihi la gari. Ukijiandikisha gari dogo kumbe unaendesha pikapu yenye tela, utakatwa pungufu leo na kudaiwa tofauti na faini kesho. Ukijiandikisha daraja la juu kuliko lako, hakuna atakayekupigia simu kukuambia unalipa zaidi.

3. Weka namba ya simu unayoitumia kila siku. Onyo la salio linakwenda huko, na onyo lililokwenda kwenye laini uliyoitupa halimsaidii mtu.

4. Linganisha namba iliyochapwa kwenye kifaa na iliyo kwenye akaunti, tarakimu kwa tarakimu. Kisha ipige picha. Utaihitaji siku ambayo kifaa kiko kwenye gari na wewe uko kwenye simu na huduma kwa wateja.

Baada ya hapo amua utalipaje. Ukichagua kujaza mwenyewe, usiende na salio la safari moja. Jumlisha tozo za safari yako ndefu kuliko zote, kwenda na kurudi, hicho ndicho kiwe kiwango cha chini kabisa, na ukikifikia ujaze. Ukichagua kadi ya benki ijaze yenyewe, andika kwenye simu ukumbusho wa mwezi mmoja kabla kadi haijaisha muda. Mimi nilijifunza kwa honi ya lori, wewe jifunze hapa.

Kuna jambo jingine linalochanganya watu. Umejaza salio ukiwa kwenye foleni ya geti, simu imesema "imepokelewa", geti bado limegoma. Katika mifumo mingi vituo haviulizi akaunti yako papo kwa papo. Vina orodha ya vifaa vilivyofungiwa, na orodha hiyo husasishwa kila baada ya muda. Hela yako imefika, orodha mpya haijafika. Jaza usiku wa kuamkia safari.

Tatu, kukibandika

Hapa ndipo penye kosa la pili kwa ukubwa. Mawimbi haya hayapiti kwenye metali. Yanapita kwenye kioo cha kawaida vizuri tu, ila kioo cha gari siku hizi si lazima kiwe cha kawaida.

Kaa kiti cha dereva, inua macho kwenye kioo cha kutazama nyuma, kisha chungulia nyuma yake, pale kinaposhikana na kioo kikubwa cha mbele. Magari mengi yana pale eneo la vinukta vyeusi, vinene kuanzia juu, vikizidi kuwa vidogo vikishuka hadi kupotea. Kama kioo chako cha mbele kina utando mwembamba wa metali wa kuzuia joto la jua au wa kuyeyusha barafu, utando huo unazuia mawimbi, na watengenezaji huacha kidirisha kisicho na utando, mara nyingi hapo hapo kwenye vinukta au pembeni yake. Hapo ndipo kifaa kinapokwenda. Kitabu cha gari kinaeleza. Tafuta sehemu inayozungumzia kioo cha mbele. Dalili ya kioo cha namna hii ni rangi ya zambarau au shaba kidogo ukikitazama kwa pembeni kwenye mwanga. Tinti ya metali iliyobandikwa baadaye na fundi ina tabia ile ile, na hiyo haina kidirisha mpaka fundi akikate.

Kama gari halina nafasi kabisa, uliza mtoa huduma kifaa cha kufungwa nje, mbele, karibu na namba ya gari. Kipo kwenye mifumo kadhaa.

Ukishajua mahali, kazi yenyewe ni fupi:

Egesha kivulini. Kioo kikiwa cha moto sana au cha baridi sana gundi haishiki. Safisha eneo kwa maji na sabuni kidogo, kausha, kisha pitisha kitambaa chenye spiriti na usubiri kikauke. Mafuta ya vidole hayaonekani, lakini ndiyo yanayoangusha vifaa. Jaribu kifaa mahali pake kabla ya kubandua karatasi ya gundi, ukiwa umekaa kama unavyokaa ukiendesha, uhakikishe hakikuzibi macho. Kiache mbali na ukingo wa metali wa paa kwa umbali uliotajwa kwenye maelekezo. Tazama alama ya upande wa juu, maana kiboksi kilichobandikwa ubavu au kichwa chini kinaweza kusomeka leo na kesho kikakataa. Kisha bandika na ukibonyeze kwa dole gumba nusu dakika nzima, usiendeshe hapo hapo.

Kamera ya dashibodi, kihisi cha mvua na kishikio cha simu visigusane nacho. Na usiweke vifaa viwili hai kwenye gari moja. Antena inaweza kuvisoma vyote, ukakatwa mara mbili, au kimoja kikakizuia kingine. Hata kile cha zamani ulichokitupia kwenye droo ya dashibodi kinahesabika.

Vifaa vingi vya China vina kitufe kidogo mgongoni kinachobonyezwa na kioo. Ukikibandua, kitufe kinafyatuka, kifaa kinajifunga chenyewe na hakifunguki mpaka usajili upya. Kwa hiyo ukikuta kitu kinachoinuka mgongoni mwa kifaa chako, usicheze nacho.

Wapo wanaokishika mkononi na kukiinua wakifika getini, ili wakitumie kwenye magari mawili. Naelewa ujanja wao. Lakini kiganja kinazuia mawimbi, pembe inabadilika kila siku, na mfumo unalinganisha kifaa na namba ya gari. Siku utakapopita na gari lisilosajiliwa ndiyo siku utakayoletewa barua.

Nne, kupita getini

Chagua njia ya kielektroniki mapema, ukiwa bado mbali, usikate mbele za watu dakika ya mwisho. Punguza mwendo ufike ule ulioandikwa kwenye kibao. Japani madereva hutakiwa wasizidi kilomita 20 kwa saa kwenye njia za ETC zenye kizuizi, na hicho ni kipimo kizuri hata pale pasipo na kibao. Wacha nafasi ya gari zima kati yako na aliye mbele. Ukimkaribia sana, antena inaweza kukusoma wewe wakati kizuizi kinamfungulia yeye, na mkaishia kulumbana na kizuizi kilichoshuka juu ya boneti.

Sikiliza. Vifaa vingi vyenye betri hulia, na milio ina maana: mmoja mfupi kwa kawaida ni sawa, mingi mfululizo ni salio dogo au kifaa kukataliwa. Milio haifanani kila mahali, kwa hiyo soma kijitabu cha chako mara moja tu, itakutosha miaka. Stika hailii kabisa. Ukiwa nayo, taa na skrini ya njia ndivyo vitakavyokuambia.

Kizuizi kisipoinuka, simama. Usirudi nyuma hata kama unaona aibu, kwa sababu aliye nyuma yako hajui kwamba unarudi. Washa taa za hatari, bonyeza kitufe cha kuomba msaada, soma namba ya kifaa kutoka kwenye ile picha uliyoipiga. Beba njia nyingine ya kulipa, hata kama hujaitumia mwaka mzima.

Barabara zisizo na geti zina adabu tofauti. Barabara kuu ya 407 ya Toronto, iliyofunguliwa mwaka 1997, haina kibanda hata kimoja: juu ya barabara kuna chuma chenye antena na kamera, magari yanapita chini yake kwa mwendo wake. Huko usipunguze mwendo ghafla, usibadilishe njia chini ya chuma, na hakikisha namba ya gari haina tope. Kifaa kisiposomeka, kamera ndiyo shahidi wako. Namba ikisomeka na ikiwa kwenye akaunti, kwa kawaida utakatwa tu. Isiposomeka, unageuka mkwepaji.

Kikikataa

Kabla ya kukipeleka popote, jiulize swali moja: kimekataa kwenye njia moja, au kila mahali? Kama ni njia moja ya kituo kimoja, ugonjwa uko kwao. Badilisha njia, ripoti, endelea na safari. Kama ni kila mahali na kilikuwa kinafanya kazi, fungua akaunti kwanza: salio, kadi ya benki, hali ya kifaa. Akaunti ikiwa safi, tazama kioo: kimelegea? Umeweka tinti karibuni? Umefungwa kioo kipya? Kama ni kila mahali tangu siku ya kwanza, karibu kila mara ni mahali ulipokibandika au hujakiwasha kwenye akaunti. Kifaa kusomeka leo, kesho kukataa, kwa kiboksi chenye miaka kadhaa, ni betri inayoaga.

Tano, kukitunza

Hakihitaji mengi. Adui wake mkubwa ni joto. Gari lililoegeshwa juani milango ikiwa imefungwa hupata joto kali, na dashibodi inazidi hewa ya ndani kwa mbali. Egesha kivulini inapowezekana, au funika kioo cha mbele kwa kizuia jua upande wa nje. Usikiache kimelala juu ya dashibodi, hata kama hapo kinasomeka.

Ukisafisha kioo kwa ndani, nyunyiza dawa kwenye kitambaa, usiinyunyize kwenye kioo. Dawa inayotiririka hadi kwenye gundi ndiyo inayokiangusha miezi baadaye, na utalaumu jua bure. Stika ipitie kwa kitambaa kikavu, kwa wepesi, bila kukwangua kona.

Usikifungue kubadilisha betri. Viboksi vingi vimefungwa visifunguliwe, na ukivifungua unaweza kuviharibu. Betri hudumu miaka kadhaa, mara nyingi kati ya 5 na 10, kisha mtoa huduma hukubadilishia kifaa kizima. Andika tarehe uliyokipokea kwa kalamu ya wino usiofutika ubavuni mwake. Cha zamani kirudishe kwao; betri ya lithiamu haichomwi moto wala haitupwi na maganda ya jikoni.

Ukienda kubadilisha kioo cha mbele, mwambie fundi kabla hajaanza. Kiboksi atakibandua kwa uzi mwembamba kukata gundi. Stika imekwenda na kioo chake, agiza nyingine siku hiyo hiyo.

Na ukikibeba kifaa kama mzigo, tuseme unampelekea ndugu, kifunge kwenye karatasi ya alumini tabaka mbili. Kiboksi kilichomo kwenye begi lako kinaweza kujibu antena kama kawaida, na ndugu akalipia safari yako.

Taarifa ya mwezi

Isome. Unatafuta vitu vitatu: tozo mbili za mahali pamoja kwa dakika zile zile, daraja la gari lisilo lako, na kituo ambacho hujakanyaga. Malalamiko yana muda wake wa mwisho, na muda huo huanza kuhesabiwa bila kukuambia. Ukiona kiasi kinapanda na kushuka kwa barabara ile ile, tazama saa kabla ya kulalamika, kwa sababu barabara nyingine hutoza zaidi wakati wa msongamano. Mchumi William Vickrey alilipendekeza hilo kwa jiji la Washington mwaka 1959, magari yakiwa na vifaa vya kutambulika kielektroniki, wakati ambapo wengi waliona ni ndoto. Alipata Nobeli mwaka 1996. Kwa hiyo kuahirisha safari kwa nusu saa kunaweza kuwa ndiyo punguzo pekee utakalolipata.

Ujumbe wa "unadaiwa tozo"

Mwaka 2024 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu ujumbe mfupi wa simu unaodai una tozo ndogo hujalipa, na kiungo cha kulipia. Kiasi huwa kidogo makusudi, ili uone bora ulipe yaishe. Wanachotaka ni namba ya kadi yako. Usibonyeze kiungo chochote. Funga ujumbe, fungua akaunti yako kwa njia unayoijua mwenyewe, na kama kuna deni utalikuta huko.

Unapouza gari

Toa kifaa kabla ya kukabidhi ufunguo, na siku hiyo hiyo ondoa namba ya gari kwenye akaunti. Kimoja bila kingine hakitoshi: ukitoa kiboksi na kuacha namba, kamera itaendelea kumsoma mnunuzi kwa hela yako. Kifaa kikiibiwa au gari likiibiwa, ripoti saa ile ile ili kifungiwe, na uandike saa uliyoripoti.

Kiboksi unaweza kukihamishia gari jipya kama mtoa huduma anaruhusu, baada ya kubadilisha namba na daraja. Stika huwezi. Ilainishe kwa maji ya moto, ikwangue kwa wembe mpya ukiushika karibu kulala juu ya kioo, kisha tafuta ile chembe nyeusi katikati ya vipande na uikate kwa mkasi.